Nani Anamlipa Fundi Anayesema Kweli?

Katika kikundi chetu tuko tisa, akina mama sita na vijana watatu wa jumuiya moja hapa Dar es Salaam. Kazi yetu ni kusafisha mazulia na makochi, majumbani, maofisini na makanisani. Tulianza kwa ndoo, brashi na sabuni ya unga, tukipiga magoti tangu asubuhi hadi jioni. Baadaye tulichanga, tukakopa kidogo kwenye mfuko wetu wa kuweka na kukopa, tukanunua mashine iliyotumika. Ni mashine ya aina ile yenye pampu inayonyunyizia maji ya dawa ndani ya zulia, na papo hapo mota yake huyafyonza tena pamoja na uchafu. Siku ya kwanza tulipoona maji meusi yakijaa tangi kutoka kwenye zulia tulilodhani ni safi, tulimshukuru Mungu kwa sauti.

Tunaandika habari hizi kwa sababu mashine ile ilituletea swali ambalo hatukulitafuta. Mtu asiyejua ufundi anamwamini fundi kwa msingi gani? Swali hilo lilipokwisha kutuumiza, likazaa la pili, na hilo la pili ndilo lililotusumbua zaidi: yule fundi anayesema kweli, nani anamlipa kwa ukweli wake?

Ilikuwa hivi. Mashine ilianza kupoteza nguvu ya kufyonza. Ikatoa cheche, ikanuka kama kitu kinachoungua, kisha siku moja ikazima tukiwa nyumbani kwa mteja, zulia limelowa chapachapa. Tuliipeleka kwa fundi tuliyeelekezwa. Akasema, "Acheni hapa, njooni kesho." Kesho yake akatuambia mota ya kufyonzea imeungua, inatakiwa mpya. Alitaka shilingi 280,000. Hatukuwa na la kubisha, maana hata mota inakokaa tulikuwa hatujui. Tukalipa, tukakuta mashine inafanya kazi, tukaondoka tukimwombea baraka.

Baada ya miezi mitatu dalili zikarudi zile zile. Safari hii tulimwendea mzee mmoja anayetengeneza jenereta na mashine za kufulia chini ya mwembe. Hakusema tuache mashine. Alitandika gunia, akatuambia tukae, akaifungua mbele yetu. Akatoa vipande viwili vyeusi, vidogo kuliko kidole cha mtoto. Akatueleza kwamba hizo ni kaboni za mota: zinagusa shaba inayozunguka na kuipelekea umeme, na zimeumbwa ili zilike zenyewe kabla ya shaba kulika. Zikiisha, mota hutoa cheche, hulegea, kisha huzima, na asiyejua ataapa kwamba imekufa. Kumbe inadai kaboni mpya tu. Ila ukiendelea kuilazimisha, shaba itachubuka na hapo mota itakufa kweli.

Tukamwambia, "Mzee, lakini mota hii ni mpya, ina miezi mitatu." Akaiangalia. Akatuonyesha skrubu zilizoshika kutu mahali pake, na vumbi la miaka lililoganda pembeni. Akasema taratibu, "Mama zangu, mimi siwezi kumsemea mwenzangu. Ninachoweza kuwaonyesha ni hiki. Mota hii haijawahi kutoka hapa tangu ilipofungwa kiwandani."

Akabadilisha kaboni, akaiwasha, ikalia sawasawa. Akataka shilingi 25,000, kaboni zikiwa ndani yake. Basi, ndugu msomaji, sikia tulilofanya. Mweka hazina wetu akasema, "Mzee, kwa vipande viwili hivyo na kazi ya nusu saa? Tufanyie 15,000." Sote tukaitikia. Mzee akatutazama, akapokea 15,000, akatushukuru.

Tulikuwa kwenye bajaji tukirudi nyumbani mmoja wetu alipouliza, "Hivi yule wa kwanza tulimwomba apunguze?" Hakuna aliyejibu. Aliyetudanganya tulimlipa karibu mara kumi na tisa ya aliyetuambia kweli, na tukaomba punguzo kwa yule wa pili peke yake.

Tulipokutana kwa sala wiki ile, hatukuweza kuyaacha mazungumzo hayo. Tulianza kwa kumhukumu fundi wa kwanza, na dhambi yake bado tunaiita dhambi. Umaskini na ugumu wa kodi ya kibanda havimpi mtu ruhusa ya kuuza mota ambayo hakuifunga. Lakini mmoja wa vijana wetu, ambaye naye amesomea umeme, alisema jambo lililotunyamazisha. Alisema mteja wa kwetu hulipia kile anachokishika mkononi. Akipewa spea kubwa kwenye boksi, hulipa kwa moyo. Akiambiwa, "Haijafa, ni kitu kidogo," hufurahi, hutoa shukrani, na hulipa nauli ya daladala. Fundi aliyesoma miaka, aliyenunua vifaa, anayeweza kusikiliza mlio na kujua ugonjwa, hapati chochote kwa ujuzi huo mpaka aukute ugonjwa mkubwa. Kwa hiyo kila siku anajaribiwa auone hata usipokuwapo. Na wanaomjaribu ni sisi.

Kitabu cha Mithali, sura ya 20, kinamtaja mnunuzi anayeponda bidhaa mbele ya muuzaji kwamba haifai, kisha akiondoka anakwenda kujisifu. Tumezoea kusoma maonyo ya Biblia juu ya mizani ya udanganyifu tukimfikiria muuza nyanya na muuza nyama. Lakini mteja naye ameshika mizani. Anapima jasho la mwenzake kwa macho na maneno, na mizani hiyo nayo huweza kupunjwa.

Tulipokuwa tunatafuta mwanga tulifika kwenye Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12, tukakuta habari ambayo wengi wetu tulikuwa tumeipita bila kuiona. Mfalme Yoashi aliwaagiza makuhani wapokee fedha na kuitengeneza nyumba ya Bwana palipobomoka. Hata mwaka wa 23 wa utawala wake, pakawa hapajatengenezwa. Maandiko hayasemi makuhani waliiba. Yanasema tu kwamba kazi haikufanyika. Ndipo kuhani Yehoyada akachukua sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka kando ya madhabahu. Fedha zilipokuwa nyingi, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walizihesabu pamoja, wakawakabidhi wasimamizi wa kazi, nao wakawalipa maseremala, wajenzi, waashi na wachonga mawe, na kununua miti na mawe. Na hapo Maandiko yanaongeza jambo la ajabu: wale waliokabidhiwa fedha za kuwalipa mafundi hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Katika sura ya 22, siku za mfalme Yosia, jambo hilo hilo linarudiwa.

Tuliisoma mara tatu. Katika habari hii waliowekewa sanduku lenye kifuniko ni watu wa madhabahuni, na walioaminiwa bila hesabu ni wasimamizi wa watu wa misumeno na mawe. Kwetu mara nyingi tumeligeuza. Fundi akija kurekebisha bomba la kanisa tunamsimamia kama mwizi, lakini kuulizana sisi kwa sisi tunaona ni utovu wa heshima. Tena, imani ile haikuwa ya upofu. Fedha zilihesabiwa na watu wawili kabla hazijatoka. Malipo yalitolewa, kila mwenye kazi akapata chake. Na jengo lilikuwapo, kila aliyepita aliweza kuona ukuta umesimama au haukusimama. Uaminifu wao ulikuwa na mahali pa kuonekana, na ujira wao ulikuwa na mahali pa kutoka. Tuliona kwamba sisi tulikuwa tunadai uaminifu bila kuuwekea hata kimoja cha hivyo viwili.

Tungeweza kuishia hapo tukabaki wateja waliojifunza. Lakini Roho wa Mungu hakutuacha, maana kulikuwa na jambo ambalo hatukuwa tumelitaja.

Katika majuma yale mashine ilipokuwa inalegea, kabla haijazima kabisa, hatukuacha kufanya kazi. Tulijua haifyonzi vizuri. Mazulia tuliyoyaacha yalikuwa makavu juu na mabichi chini. Tulipulizia marashi, tukakunja nyaya, tukapokea fedha. Mama mmoja alitupigia simu baada ya siku nne, akasema zulia la sebuleni linatoa uvundo, na mtoto wake ndipo anapotambaa. Tukamwambia pengine hakufungua madirisha. Hatukupanga kusema hivyo. Lilitoka lenyewe, kama maneno yanavyomtoka mtu aliyezoea. Unyevu ukikaa chini ya zulia huzaa ukungu, nasi tulilijua hilo kuliko yeye.

Yule mama hakuweza kuufunua ukweli wa zulia lake, kama sisi tulivyoshindwa kuufunua ukweli wa mota. Alituamini kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Sisi kwake tulikuwa yule fundi wa 280,000. Tofauti ilikuwa ya kiasi tu.

Tulirudi kwake tukiwa watatu. Tulimwambia kweli yote, tukaliosha zulia upya bila malipo, tukalinyanyua pembe na kuliwekea feni mpaka likakauka chini. Alitusikiliza, akashukuru, na hajatuita tena. Hiyo ni haki yake. Toba haimlazimishi aliyeumizwa aturudishie kazi.

Kwa mzee wa chini ya mwembe tulirudisha ile 10,000. Alicheka, akasema hesabu ile ilishakwisha. Tulipomsihi aliipokea, kisha akatufundisha mambo ambayo yametuokolea zaidi ya hiyo. Kwamba sabuni ikizidi, povu hupita boya la tangi na kuingia kwenye mota, likaharibu beringi. Kwamba kila jioni tupitishe maji safi kwenye pampu, kwa kuwa maji ya visima yenye chumvi huacha chokaa inayoziba vitundu vya kunyunyizia, na siki kidogo huilainisha. Kwamba kabla ya kununua mashine ya mitumba tusome kibati chake, maana iliyotengenezwa kwa umeme wa Marekani wa volti 120 itaungua ikichomekwa kwenye wetu wa 230. Fundi mwaminifu, tuligundua, hukufundisha namna ya kumhitaji mara chache.

Wengi hutuuliza tulimpataje, nasi twaweza kusema tunayoyatazama siku hizi. Tunatazama kama anakubali kufungua mbele yetu, na kama anarudisha spea ya zamani bila kuombwa. Tunamuuliza kitu kimeharibika kwa sababu gani, kwani anayejua ugonjwa hujua na chanzo chake. Tunampa kwanza kazi ndogo. Tunasikiliza kama anaweza kusema, "Hii siiwezi, mpelekeeni fulani." Na tunaandika kwenye daftari tarehe, kilichofanyika na bei, ili kumbukumbu isitegemee hasira zetu. Cheti cha chuo cha ufundi ni kizuri, nasi tunakiheshimu, lakini cheti husema mtu anajua. Hakisemi atafanya nini ukishampa kisogo.

Lakini hayo yote ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni yetu. Tulikubaliana na mzee kwamba kila baada ya miezi mitatu ataikagua mashine, na tutamlipa 20,000 ya kukagua, akute tatizo au asikute. Spea ikihitajika, tutainunua wenyewe Kariakoo. Kwa njia hiyo hapati zaidi kwa kuona ugonjwa, wala hapotezi kwa kutouona.

Ukaguzi wa pili alifungua, akapima, akasikiliza, akafunga. Akasema neno moja: "Nzima." Mweka hazina, yule yule aliyeomba punguzo, akahesabu 20,000 akampa. Kijana wetu mgeni, aliyejiunga juzi, alituuliza njiani kwa nini tumelipa wakati hakuna kilichotengenezwa. Tulimjibu kwamba tumenunua neno "nzima," na kwamba siku za nyuma neno hilo tulikuwa tunalitaka bure, ndiyo maana hatukulipata.

Wapendwa, huenda wewe huna mashine ya mazulia. Una gari, friji, simu au jino linalouma, na kuna mtu anayeona ndani yake usipoweza kuona. Na wewe mwenyewe, katika kazi yako, kuna mahali ambapo mwingine haoni ila wewe. Ukikutana na anayekuambia kweli ndogo yenye faida ndogo kwake, usimwache aondoke na shukrani tupu. Na usiku, unapofunga kazi yako, kumbuka sehemu ile ya chini ambayo mteja hatainyanyua kuitazama. Mungu ameshaitazama. Atusaidie tuiache ikiwa kavu.