Mgeni Aone Nini Salaita?

Panda matatu Voi siku ya Jumatano, siku ya soko la Taveta, ukae dirishani. Utapita Mwatate na mkonge wake, Bura, Maktau, Mbuyuni. Kabla ya kuingia Taveta kuna kilima kifupi cha vichaka na mawe, kimesimama peke yake. Muulize jirani yako, "Hapo pana nini?" Atakujibu bila kugeuza shingo: "Hapo? Salaita. Hakuna kitu. Wazungu huja kupiga picha."

Jibu hilo lina swali zito ndani yake. Mahali pasipo na kitu, mtu hutoka ng'ambo kuja kupiga picha ya nini? Na kama kitu kipo, mbona sisi tunaoishi hapa hatukioni?

Agosti 1914 majeshi ya Wajerumani yalivuka mpaka, yakaiteka Taveta na kukikalia kilima hiki. Mwaka uliofuata Waingereza wakaanza kusukuma reli kutoka Voi kuelekea huku, ili wabebe askari na maji kupitia nyika. Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini, ambao walikuwa hawajaizoea nchi hii hata kidogo, waliamriwa wakitwae. Mizinga ikapiga kileleni. Kumbe mahandaki ya adui yalikuwa chini, miguuni pa kilima. Wakapigwa, wakarudi nyuma, zaidi ya 100 wakiwa wamekufa, kujeruhiwa au kupotea. Waliowakinga wasimalizwe ni Wabaluchi wa jeshi la India, watu ambao wenzao hao wa Afrika Kusini walikuwa wakiwadharau kwa rangi yao. Na hao "Wajerumani" ndani ya mahandaki, wengi wao walikuwa askari Waafrika.

Kwa hiyo mtalii anayesimama Salaita hajaja kuangalia vichaka. Amekuja kuwaona wafu wake. Ana ramani, ana kitabu, pengine ana jina la babu. Akimaliza hapo ataenda Taveta kwenye makaburi ya vita, aone mawe yaliyopangwa safi. Ana haki hiyo, na simlaumu. Ninachouliza ni hiki: wafu wetu sisi wako wapi katika ziara hiyo?

Nyuma ya kila askari aliyepigana nyika hii walikuwepo wapagazi, waliobeba unga, risasi na majeruhi. Hesabu rasmi ya Waingereza wenyewe ya wapagazi waliowafia ilipita 40,000, na wengi waliuawa na kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na midomo yetu ikalitengeneza jina hilo: Kariakor ya Nairobi, Kariakoo ya Dar es Salaam. Tunanunua nyanya na viatu juu ya jina lao. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Mzungu alipewa jiwe. Mpagazi alirudishiwa udongo tu.

Sasa kaunti inataka watalii, na vijana wanataka kazi. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini hebu tuusikilize msemo huu vizuri. Haukusema mwenyeji alipwe. Ulisema apone. Katika nyumba ya zamani, mgeni akija kuku huchinjwa, na watoto waliokuwa wakila mboga siku zote wanaonja mchuzi. Mgeni anawafanya wenyeji wakae tena mezani pamoja. Utalii unaoniletea noti mkononi huku nikiendelea kusema "hapo hakuna kitu" haujaniponya. Umenifanya bawabu wa nyumba ambayo sijawahi kuingia.

Hatari yake iko wazi zaidi milimani Taita. Zamani, mzee akishazikwa na muda kupita, fuvu lake lilitolewa kaburini na kuwekwa pangoni pamoja na mafuvu ya ukoo wake. Watu walikwenda pale kwa heshima na haja: mvua, ugonjwa, ugomvi. Leo yupo mgeni anayepelekwa kuyaona na simu yake mkononi. Ni pango lile lile na mafuvu yale yale. Lakini kama mjukuu hafiki tena pale ila akiwa na mteja, basi babu ameacha kuwa babu, amekuwa bidhaa. Ndivyo ilivyo kwa mwazindika pia: ngoma iliyopigwa kutuliza mapepo ya mtu mgonjwa si sawa na ngoma inayokatwa dakika tano uwanjani kwa sababu mheshimiwa ana haraka.

Linganisha na mahali pengine panaposemwa "hapana kitu". Japani kuna mkoa wa Saitama, ambako mamia ya maelfu hulala tu, alfajiri wakapanda treni kwenda kazini Tokyo. Wajapani wenzao huutania sana. Lakini kila Oktoba watu wa mji wa Kawagoe huvuta magari yao makubwa ya sherehe barabarani, na mapema Desemba watu wa Chichibu huvuta ya kwao usiku, baridi kali, fataki juu. Sherehe zote mbili ziliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2016. Wageni hufurika, wanakula viazi vitamu vya Kawagoe vya kila namna. Sawa, biashara ipo. Ila kamba za magari zimeshikwa na wenyeji, na mgeni anakaribishwa kwenye jambo ambalo lingefanyika hata asingekuja.

Hapo ndipo ninapoona mpaka kati ya kukaribisha na kujiuza. Usimwoneshe mgeni kitu ambacho wewe mwenyewe hukitembelei.

Najua nitajibiwa: kijana wa Voi asiye na kazi hali kumbukumbu. Kweli kabisa. Lakini kijana asiyeijua Salaita hana cha kuuza pale zaidi ya maji ya chupa. Hadithi itasimuliwa na mwongozaji kutoka mbali, na pesa itaondoka naye kwenye gari lile lile.

Tuanze na madogo basi. Shule za Taveta na Maktau ziwapandishe watoto kilimani kila tarehe 12 Februari, watalii wawepo wasiwepo. Wazee waulizwe sasa, wangali hai, nani katika ukoo alichukuliwa kubeba mizigo asirudi, na jina liandikwe. Kisha watu washuke wale kimanga, maharagwe na muhogo uliopondwa kwa mkono wa nyumbani, badala ya chipsi tunazompa kila anayeshuka Voi.

Mgeni akitukuta hapo, tutamsogezea sahani. Atatuuliza tumekuja kumkumbuka nani, na tutakuwa na majina ya kumtajia.