Mshahara wa Kwanza Ukae Wapi?



Mwezi uliopita, baada ya sala ya Isha, kijana mmoja wa darasa letu alibaki nyuma wenzake walipokwisha kutoka. Amemaliza chuo kikuu, amepata kazi hapa Mombasa, na mwajiri wake amemtaka alete nambari ya akaunti ya benki ili mshahara wa kwanza upate pa kuingia. Mkononi alikuwa na karatasi tatu za benki tatu. Ya kwanza yaahidi nyongeza maalumu ya kila mwaka juu ya akiba. Ya pili yaahidi kutotoza ada. Ya tatu imepambwa kwa herufi za Kiarabu. Akauliza, "Masheikh zangu, ipi katika hizi ni halali?" Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba mama yake aliuza mkufu wake wa dhahabu ili yeye amalize masomo, na nia yake ni kuurudisha upesi iwezekanavyo.

Waliokuwapo walimjibu majibu mawili. Mmoja alisema, "Mabenki yote ni riba. Mshahara ukiingia, utoe wote siku ile ile uuweke nyumbani." Mwingine akasema, "Zama zimebadilika. Chukua inayokupa zaidi, umnunulie mama mkufu wake." Tulipofika majumbani tuliona kwamba majibu yote mawili yalikuwa mepesi kuliko swali. Wa kwanza alimwepusha kijana na benki bila ya kumfahamisha benki ni kitu gani, na wa pili alimwepusha na dini bila ya kumwambia hivyo waziwazi. Na kwa kuwa vijana walio katika hali yake ni wengi, tumeona bora tuliandike lile ambalo lilitupasa kumwambia usiku ule.

Tuanze na neno. Sisi husema, "Nimeweka fedha benki." Neno hili "kuweka" latufanya tuone kwamba fedha zetu zimelala pale kama nguo sandukuni, na kwamba benki ni bawabu tu. Lau ingekuwa hivyo, ingekuwa ni amana. Na amana katika Sharia ina hukumu zake: mwenye kuiweka hana ruhusa ya kuitumia, na ikipotea bila ya uzembe wake, halipi. Benki haiko hivyo. Yapokea shilingi zako, yazichanganya na za wengine, yawakopesha watu, kisha yalazimika kukulipa kadiri yake hata kama wale waliokopeshwa wametoroka. Kitu cha namna hii jina lake si amana. Jina lake ni deni, na wewe mwenye akaunti ndiwe mkopeshaji.

Jambo hili si geni kwa Waislamu. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari khabari ya sahaba Zubayr bin al-Awwam, radhi za Mungu zimshukie. Watu walikuwa wakimletea mali zao awatunzie, naye akikataa kuzipokea kuwa ni amana, akitaka ziwe ni mkopo juu yake kwa kuchelea zisije zikapotea. Alipokufa madeni hayo yalihesabiwa yakafika 2,200,000. Mwanawe Abdullahi akayalipa yote, kisha akakataa kugawa urithi mpaka apite miaka minne akitangaza katika msimu wa Hija kwamba mwenye kumdai Zubayr na aje. Zubayr hakuongeza hata dirhamu moja juu ya mali za watu, wala wao hawakumtaka aongeze. Lakini alifahamu, nao walifahamu, tofauti ya kuweka na kukopesha. Tofauti hiyo ndiyo iliyotupotea sisi.

Basi ukijua kwamba kufungua akaunti ni kukopesha, mambo matatu yakulazimu.

La kwanza, mkopeshaji hana haki ya kushurutisha nyongeza. Qur'ani Tukufu katika Sura ya Al-Baqara imepambanua baina ya biashara na riba, ikahalalisha ile na kuharimisha hii. Mtu wa pwani hahitaji kitabu kikubwa ili aifahamu hikima yake. Mwenye chombo humpa nahodha chombo chake. Wakipata samaki, hugawana kwa mafungu waliyoagana. Wakirudi mikono mitupu, mwenye chombo naye hukosa. Wote wawili wako katika bahari moja. Mwenye riba yuko pwani kavu: bahari ichafuke isichafuke, yeye lake liko pale pale. Akaunti inayokuahidi kiasi maalumu juu ya akiba yako, iwe benki imepata au imekosa, imekuweka pwani kavu wakati wenzako wako baharini. Kwa hiyo karatasi ya kwanza haikuwa na mjadala, hata kama nia ya mwenye kuichukua ni njema kama kumrudishia mama mkufu wake. Nia njema haitakasi chumo.

La pili ni zito zaidi, nalo ndilo lililotuchukua muda mrefu kulijadili. Kijana aweza kusema, "Basi nitachukua karatasi ya pili. Sitapokea nyongeza yoyote. Mimi niko safi." Je, yuko safi? Riba hakuila, ni kweli. Lakini fedha alizokopesha ndizo zinazokwenda kukopeshwa kwa riba. Hakula, lakini amelisha.

Hapa yatupasa tuwe waadilifu, tusije tukambebesha mtu mzigo usio wake. Dini yetu yafundisha kwamba hakuna nafsi ibebayo mzigo wa nafsi nyingine. Muuza visu sokoni haulizwi juu ya kila kisu alichouza. Lakini akijiwa na mtu anayetangaza hadharani kuwa ataka kisu cha kumchomea jirani yake, kisha akamuuzia, hawezi kusema kwamba hakujua. Benki ya kawaida haifichi kazi yake. Imeiandika ukutani: riba ya mkopo ni hii na riba ya akiba ni hii.

Kwa ajili hii wanazuoni wengi wa zama zetu walioruhusu akaunti isiyo na nyongeza katika benki ya namna hii hawakuiruhusu kwa sababu ni nzuri. Waliiruhusu kwa haja: mishahara hupitia huko, na fedha zahitaji ulinzi. Na haja ina kipimo chake. Ikipungua, na ruhusa hupungua. Zamani katika nchi yetu haja hiyo ilikuwa kamili. Mwisho wa mwaka 2005 benki ya Barclays ilianzisha nchini akaunti iliyoitwa La Riba. Mwaka 2008 zikafunguliwa benki mbili zilizosimama moja kwa moja juu ya Sharia, Gulf African Bank na First Community Bank, ambayo mwaka 2023 ilipata wenyewe wapya na kuitwa Premier Bank. Benki kadhaa za kawaida nazo zimefungua madirisha ya Kiislamu. Basi mwalimu aliyepelekwa kufundisha katika mji mdogo wenye tawi moja tu la benki, haja yake ingalipo, wala mtu asimnyooshee kidole. Ama sisi tulioko Mombasa, ambao tofauti yetu ni mwendo wa kutoka mtaa huu hadi mtaa ule, tukisema "haja," na tujiulize kama si uvivu uliovaa kanzu.

La tatu, mkopeshaji mwenye akili humtazama anayemkopesha kama aweza kulipa. Mwaka 2015 benki mbili za Kenya zilifungwa na Benki Kuu, na mwaka 2016 ikafuata ya tatu. Watu waliamka asubuhi wakakuta milango imefungwa na akiba zao ziko ndani. Mojawapo ya benki hizo ilikuwa na dirisha la Kiislamu. Twalitaja hili kwa makusudi, ili kijana asidhani kwamba herufi za Kiarabu ni ngome. Tangu mwaka 2020 shirika la serikali linalokinga amana za wateja hulipa hadi shilingi 500,000 kwa kila mteja katika kila benki iliyofungwa. Kwa mwenye kuanza kazi, kadiri hiyo yatosha kumpa utulivu. Lakini ni vizuri ajue mpaka wake.

Sasa tuje kwenye karatasi ya tatu. Twaipendelea, wala hatufichi. Lakini hatumtaki kijana wetu aichukue kwa kuipenda sura yake. Jina si ushahidi. Na aingie, aketi, aulize kwa adabu. Akaunti hii ni mkopo usio na nyongeza, au ni mudharaba? Kama ni mudharaba, fungu langu katika faida ni lipi, na ikitokea khasara nani aibebaye? Akijibiwa kwamba faida imekwisha kupangwa na khasara haipo kabisa, na ajue kwamba ameonyeshwa riba iliyobadilishwa jina. Na aulize: mnapomuuzia mtu gari kwa bei ya kulipa kidogo kidogo, je, gari lile huwa lenu kwanza, likiharibika mkononi mwenu likawa khasara yenu, au hupita katika karatasi tu? Kwani tofauti ya muuzaji na mla riba haiko katika ukubwa wa faida. Huenda faida zikalingana. Tofauti iko katika nani aliyesimama na mali ile wakati wa khatari. Mwisho na aulize ni wanazuoni gani wanaoikagua benki, na ada zake ni kiasi gani. Benki ya kweli haichukii maswali haya, na ikiyachukia, kijana atakuwa amekwisha kupata jibu lake.

Ama yule ndugu aliyeshauri kabati la nyumbani, twaheshimu uchamungu wake, ila hatukubaliani naye. Kuhifadhi mali ni katika makusudio ya Sharia, na kabati halimzuii mwizi wala moto. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba ya kabatini hupungua bila ya kuguswa, kila bei ya unga ipandapo.

Limebaki jambo moja ambalo twaliogopea vijana kuliko akaunti yenyewe. Akaunti za leo zimefungamana na simu, na simu imejaa mikopo. Mkopo wa simu ulioenea nchini kuanzia mwisho wa mwaka 2012 ulitoza ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Mtu akisikia 7.5 huona ni kitu kidogo. Na ahesabu: mwenye kukopa shilingi 2,000 hulipa 150 juu yake. Akizoea kukopa hivyo kila mwezi, kwa mwaka amelipa 1,800, karibu sawa na zile alizokopa, na bado hana kitu. Hiyo yaitwa ada, lakini kubadilisha jina hakubadilishi kitu. Kukopa harusi, kulipa matanga. Kijana aweza kuchagua akaunti safi kabisa mchana, kisha usiku, kwa kidole kimoja, akaingia katika lile alilolikimbia.

Na wapo wengi waliosoma kwa mkopo wa serikali wa elimu ya juu, ambao una nyongeza ya asilimia 4 kwa mwaka. Tumesikia baadhi yao wakisema kwamba kwa kuwa mkopo ule una riba, si lazima kuulipa. Hili ni kosa kubwa. Rasilimali ni haki ya watu, na ahadi ni ahadi. Na aulipe, tena aulipe mapema kadiri awezavyo, kwani kila mwezi unaopungua, na nyongeza hupungua.

Haya ndiyo tuliyomwambia alipotujia tena juma lililofuata. Tulimwambia pia kwamba ikiwa mwajiri atamlazimisha benki fulani, mshahara na upite tu, siku hiyo hiyo auhamishe pale alipopachagua. Na ikiwa ataingiziwa nyongeza asiyoitaka, aitoe katika maslaha ya watu bila ya kuihesabu kuwa ni sadaka yake. Na akiba yake ikifika thamani ya gramu 85 za dhahabu, ikapitiwa na mwaka wa Kiislamu, asisahau kwamba asilimia 2.5 yake ni haki ya wengine. Hakuna akaunti, hata iwe safi namna gani, imtakasayo mtu aliyeizuilia Zaka.

Alisikiliza, kisha akatuuliza swali moja tu, "Na mkufu wa mama?" Tulinyamaza kidogo, kwa kuwa njia tuliyomwonyesha ni ndefu kuliko ile aliyoikusudia, wala haikuwa haki kumficha. Tukamwambia kwamba akiweka kidogo katika kila mshahara, huenda ikamchukua miaka miwili. Akasema amekwisha kumweleza mama yake, na mama amemjibu kwamba yeye hakuuza mkufu ili arudishiwe mkufu, aliuuza apate mtoto anayejua anachokifanya.

Hatuna la kuongeza juu ya neno la mama huyo. Enyi vijana wetu mnaoanza kazi, msiulize tu benki itawapa nini. Ulizeni fedha zenu zafanya kazi gani wakati nyinyi mmelala, kwani hizo ni zenu hata zikiwa mikononi mwa wengine, na mtaulizwa mlizichuma wapi na mlizitumia katika nini. Twamuomba Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake, azibariki riziki zetu zikiwa chache au nyingi, na atuepushe na deni linalotudhalilisha mbele za watu na mbele zake. Amin.