Hiari Isiyo na Furaha

Wahenga walisema, "Hiari yashinda utumwa." Maana yake ni kwamba kazi ifanywayo kwa kupenda huipita ile ifanywayo kwa kushurutishwa. Je, mtu atendaye wema huku akinung'unika, wema wake una thamani?

Swali hili limo katika filamu iitwayo Gloria, iliyotungwa na kuongozwa na John Cassavetes wa Marekani, na kuonyeshwa mwaka 1980. Katika jiji la New York, mtunza hesabu wa genge la wahalifu aliwasaliti mabwana zake, nao wakaja kumwua pamoja na jamaa yake. Mkewe alimsihi jirani yao, Gloria, awachukue watoto. Gloria alijibu waziwazi kwamba hapendi watoto, na hao hasa hawapendi. Hata hivyo, mvulana mdogo alibaki mikononi mwake, na muda si muda mvulana huyo akawa yatima.

Wauaji walikuwa watu aliojuana nao Gloria tangu zamani. Akimtoa mtoto, angeishi salama. Akimficha, angewindwa pamoja naye. Alimkaripia, alitaka kumfukuza, na mara moja alimwacha akaenda zake. Lakini alirudi kumtafuta, na kwa ajili yake akawaelekezea bastola wale aliowajua.

Sisemi kwamba bastola ni ya kusifiwa, wala manung'uniko si pambo la wema. Mtoto ana masikio, na neno la chuki humchoma hata akiwa amepewa mkate. Lakini hatari ya mtoto haingoji moyo wa mkubwa uwe tayari. Kama Gloria angesubiri kwanza ampende, mtoto angekufa mlangoni.

Yaonekana basi kuwa tumeielewa vibaya hiari tukidhani ni furaha. Furaha huja na kuondoka kama upepo, wala hatuwezi kuiamuru. Hiari ni uchaguzi. Hakuna aliyemshurutisha Gloria; kila saa alikuwa na njia ya kumtoa mtoto, na kila saa alichagua tena kutomtoa. Yule apendaye watoto, akimlinda mtoto, hufuata moyo wake. Yule asiyewapenda, akimlinda, amekwisha kuushinda moyo wake kwanza. Methali ya wahenga haikuvunjika: kazi ya Gloria ilikuwa ya hiari, ingawa haikuwa ya furaha.

Huenda asije kwako kamwe mtoto akimbiaye wauaji. Lakini iko siku utaachiwa mdogo wako mgonjwa, na wenzako wanakuita uwanjani. Moyo wako utakataa, nao hauna kosa kwa kukataa. Kosa au sifa itakuwa katika miguu yako: je, ilikwenda uwanjani, au ilibaki kando ya kitanda?