Sitara ya Nani? Mchunguzi Mlangoni kwa Mzee



Mwaka jana, nikiwa kwenye mafunzo ya kazi, nilifuatana na afisa wa maendeleo ya jamii hadi nyumba moja nje kidogo ya mji wa Mbale. Jirani alikuwa ameleta taarifa kwamba kuna bibi mzee anafungiwa chumba cha nyuma tangu asubuhi mpaka mwanawe arudi kutoka dukani. Anakula mara moja kwa siku, na zile shilingi 25,000 za kila mwezi ambazo serikali huwapa wazee hazijafika mkononi mwake kwa muda mrefu. Afisa alipiga hodi. Mwana akatoka. Ni mtu tunayeswali naye Ijumaa. Akaitikia salamu vizuri, kisha akanigeukia mimi, akasema: "Kijana, wewe umesoma. Kwani Qur'ani haikukataza kupelelezana?"

Sikuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kumjibu, ingawa nimechelewa.

Swali lake lina uzito. Aya ya 12 ya Suratul Hujurat inakataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana, yote mahali pamoja. Suratun Nur, aya ya 27, inatuzuia kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na kuwasalimu wenyewe. Na katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (S.A.W.) anaahidi kuwa anayemsitiri Muislamu, naye atasitiriwa na Mwenyezi Mungu. Sasa kazi ya kuingia majumbani na kuuliza nani kampiga nani na nani kala fedha za nani, inaweza kuwa kazi ya Muislamu?

Kazi yenyewe

Huku kwetu kazi hii ni kipande kidogo tu cha majukumu ya afisa mmoja mwenye mambo mia. Kwingine ni kazi kamili yenye watu wake. Marekani kila jimbo lina huduma ya kuwalinda watu wazima wasioweza kujilinda, na wachunguzi wake hupokea taarifa na kwenda majumbani. England, sheria ya huduma ya mwaka 2014, kifungu cha 42, inailazimu serikali ya mtaa kufanya uchunguzi panapokuwa na sababu ya kushuku mambo matatu: kwamba mtu mzima anahitaji matunzo, kwamba anateswa au kutelekezwa au yuko hatarini, na kwamba kwa sababu ya hali yake hawezi kujitetea.

Hapa mateso hayana maana ya kipigo peke yake. Yumo anayeibiwa fedha zake, anayetukanwa kila siku, anayenyimwa dawa, na anayeachwa kitandani mpaka akatoka vidonda. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu mtu 1 kati ya 6 wenye miaka 60 na zaidi hupatwa na aina fulani ya mateso katika jamii ndani ya mwaka mmoja. Wengi hawasemi, kwa kuwa anayewatesa ndiye huyo huyo anayewapa uji.

Nyakati mbili za Sayyidna Umar

Wengi wetu tunakijua kisa cha Sayyidna Umar (R.A.) aliyekuwa akizunguka Madina usiku, akasikia sauti ndani ya nyumba, akapanda ukuta na kumkuta mtu na pombe. Inasimuliwa kuwa yule mtu alimwambia: mimi nimekosa moja, wewe umekosa matatu. Umepeleleza, umeingia kwa kupitia ukutani, na hukuomba idhini. Umar akakubali kosa lake, akamwacha.

Kisa cha pili pia tunakijua. Usiku mwingine, akiwa na Aslam, aliona moto kwa mbali nje ya mji. Alikuta mwanamke na watoto wanaolia kwa njaa, na sufuria jikoni haina chakula. Umar alitoa salamu na kuomba ruhusa ya kusogea, kisha akauliza wana nini. Yule mama, asijue anazungumza na nani, akamlalamikia Umar mwenyewe kwamba ametawala na kuwasahau. Umar akarudi mjini, akabeba unga mgongoni mwake mwenyewe, akawapikia.

Khalifa ni yule yule, na matembezi ni yale yale ya usiku. Kwa nini mara ya kwanza alikosa na mara ya pili tunamsifu? Naona tofauti mbili. Ya kwanza ni mlango: kule aliruka ukuta, huku aliomba idhini. Ya pili ndiyo kubwa zaidi. Kule hapakuwa na anayelia. Dhambi ilikuwa kati ya mja na Mola wake. Huku palikuwa na wenye haki inayopotea, na sauti yao ilikuwa imekwisha toka nje.

Imam al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, aliweka mpaka huo alipoandika juu ya kazi ya muhtasib. Muhtasib hana ruhusa ya kuchimbua maovu yaliyofichika. Lakini akiletewa habari na mtu anayeaminika kwamba ndani kuna mtu anataka kuuawa, yaani madhara ambayo yakishatokea hayawezi kurekebishwa, basi anaruhusiwa kuchunguza, kwa kuogopa kuchelewa.

Sitara ni haki ya nani?

Yule mwana alipotaja kupelelezana, alikuwa akiomba sitara. Lakini ndani ya nyumba ile walikuwamo watu wawili, na sisi tulikuwa tunasikia ombi la mmoja tu. Aliyefungiwa hakuwa na ufunguo wa mlango, seuze wa kinywa chake. Nikimsitiri aliyeshika ufunguo, bibi nimemsitiri au nimemfunika?

Hapo ndipo ninapoona kosa letu. Katika jamii zetu tunasema "hayo ni mambo ya nyumbani kwao" na kuhesabu kuwa tumefanya ucha Mungu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mara nyingi anayekufa si yule aliyeficha. Heshima inayolindwa na katazo la kupeleleza ni heshima ya mtu asiyetaka kudhalilishwa, na bibi naye ni mtu. Suratun Nisaa, aya ya 135, inatuamuru kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Na Mtume (S.A.W.) alipotuamrisha kumnusuru ndugu yetu anayedhulumu, alieleza kuwa nusura yake ni kumzuia asidhulumu. Kwa hiyo anayepiga hodi huenda anamnusuru hata mwana.

Hata hivyo, katazo halifutiki kwa sababu mchunguzi ana kitambulisho. Linabaki kama adabu ya kazi yake. Aingie kwa mlango. Asiulize lisilohusu madhara. Habari ya jirani aithibitishe kabla ya kuijengea hukumu, kama inavyoagiza aya ya 6 ya sura ile ile ya Hujurat. Alichokiona akiandike mbali na alichoambiwa. Na akitoka, asiende kukisimulia kijiweni. Mchunguzi anayesimulia amekwisha kuwa yule msengenyaji wa aya ya 12.

Mzee akisema "niacheni"

Tuliruhusiwa kuingia. Afisa alizungumza na bibi peke yake, kisha akaniita. Bibi alikuwa dhaifu wa miguu, lakini siku aliijua, wajukuu aliwataja kwa majina, na fedha zake alizijua hesabu. Alinishika mkono, akasema: "Mjukuu wangu, usimwandike. Mimi ndiye niliyemzaa."

Kwangu hili lilikuwa gumu kuliko swali la mwanawe. Tukimtii, tunamwacha chumbani. Tukimpuuza, tunamfanya mtoto mdogo mbele ya mtoto wake.

England, sheria ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa akili inaanza na dhana kwamba mtu mzima ana uwezo wa kuamua mpaka ithibitike vinginevyo, na kwamba mtu hahesabiki hana uwezo eti kwa sababu ameamua jambo lisilo la busara. Wanafunzi wa fiqhi hawatashangaa. Imam Abu Hanifa alikataa mtu mzima mwenye akili awekewe hajri, yaani azuiwe kutumia mali yake, kwa sababu tu ya ufujaji. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, walimpinga. Yeye aliona kumwondolea mtu uamuzi wake ni kumshusha ubinadamu wake, na hilo ni dhara kubwa kuliko kupoteza mali. Mjadala ule wa Kufa bado unaendelea mbele ya kila mlango ambao mchunguzi anapiga hodi.

Nami naegemea kwa Abu Hanifa, kwa sharti moja: tuwe na hakika kwamba anayesema "niacheni" ni mzee mwenyewe na siyo hofu yake. Ndiyo maana anaulizwa akiwa peke yake, na ikibidi siku nyingine tena. Akili yake ikiwa imeondoka, basi aya ya 282 ya Suratul Baqara imekwisha kutuonyesha njia: asiyeweza kusema, msimamizi wake anamsemea, kwa uadilifu.

Gunia la unga

Afisa hakumpeleka mtu polisi. Alimuuliza bibi: "Usipotaka aandikwe, unataka nini?" Bibi akataka vitu viwili: mlango usifungwe, na fedha zake azishike mwenyewe. Mwana alipoulizwa alieleza kwamba mama aliwahi kujipikia, moto nusura uunguze nyumba, na yeye hana wa kumwachia. Hilo jirani hakulijua. Fedha alikiri kuzitia dukani. Hilo jirani alilijua sawasawa. Tulikaa mpaka Alasiri. Ikakubaliwa kuwa binti wa dada yake aje mchana, ufunguo ukabidhiwe bibi, na mjukuu amsindikize siku ya malipo. Afisa akaandika tarehe ya kurudi, na alirudi.

Sayyidna Umar hakuishia kwenye kuuliza "mna nini?" Alibeba unga. Kama hana cha kubeba, mchunguzi atakuwa ameifunua aibu ya watu bure, na hapo mwana atakuwa na haki ya kulalamika. Basi jibu langu kwake ni hili: ndiyo ndugu yangu, imekatazwa. Ila mama yako naye alikuwa na sitara yake, na wewe ndiye uliyekuwa umeikalia.

Wallahu a'lam.