Deni la Siri Katika Ndoa



Watu wengi wa ndoa wana hamu ya kununua nyumba za kupangisha, ili kodi iwatunze uzeeni. Nia hiyo ni njema. Lakini akiba haitoshi na benki ina masharti mengi. Basi mume au mke humwendea mtu binafsi mwenye pesa, akakopa bila mwenzake kujua. Je, ni halali kufanya hivyo, hata kama ni kwa faida ya jamaa nzima?

Wengine husema, "Nitamwambia mambo yakiwa tayari, afurahi." Hebu tupige hesabu. Tuseme umekopa shilingi 2,000,000 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, ukanunua ploti yenye vyumba 10, kila chumba kikilipiwa 4,000. Kodi yote ni 40,000 kwa mwezi. Riba peke yake ni 60,000. Zile 20,000 zinazopungua zitatoka wapi? Zitatoka kwenye karo na chakula. Mwenzako ataona upungufu mezani kabla hajaiona hiyo nyumba. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Nchini Kenya, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inakataza mali hiyo kuwekwa rehani bila idhini ya mume na mke. Lakini mkopeshaji binafsi asiyetaka rehani hutosheka na sahihi yako peke yako. Hapo sheria haikulazimishi kusema. Dhamiri ndiyo inayokulazimisha. Deni likikushinda, mtaliona nyote wawili na watoto. Si haki kumtwika mtu mzigo ambao hakuulizwa kama atauweza.

Labda utasema, "Mwenzangu ni mwoga, atakataa tu." Huenda anachokiita moyo wako woga ni hesabu ambayo wewe hujaipiga. Kumshauri si kuomba ruhusa kama mtoto. Ni kumheshimu kama mwenye nyumba pamoja nawe.

Kwa hiyo, kabla ya kukopa, kaeni pamoja na karatasi. Andikeni kiasi cha mkopo, riba, siku ya mwisho ya kulipa, na jinsi mtakavyolipa vyumba vitatu vikikosa wapangaji. Mmoja asiporidhika, ngojeni. Ploti nyingine zitapatikana. Mwenzako akishapoteza imani nawe, hakuna kodi itakayoirudisha.