Namba ya Motokari na Amri ya Saba

Mtu aliyenunua kitu cha wizi pasipo kujua, je, naye ni mwizi? Wakatekumeni huuliza neno hili wafundishwapo amri ya saba, na wengi hulijibu upesi mno.

Na uwe mfano huu. Mtu wa kijijini, mwenye mke na watoto, auza mbuzi zake, akopa fedha kwa ndugu yake, aenda Lubumbashi kununua motokari kuukuu. Ni motokari ya Ujapani, mojawapo ya zile ziletwazo kwa meli hata Dar es Salaam, kisha kwa barabara kupitia Zambia mpaka Kasumbalesa. Miezi mingi apakia mihogo na mawese, awachukua wagonjwa dispensari. Mwishowe apeleka hati ofisini, iandikwe kwa jina lake. Karani aitazama namba iliyogongwa katika chuma, aitazama na ile ya hati. Hazipatani.

Namba hiyo si ile ya kibao cha nyuma, ambayo mtu aweza kuibadili kwa bisibisi. Ni namba ya shasi, aliyoigonga mtengenezaji katika mwili wa motokari, nayo hukaa ijapobadilika rangi, magurudumu, hata injini. Mkristu akumbuka hapo alama isiyofutika ya Ubatizo. Ila chuma chaweza kukwanguliwa kwa tupa, na ile alama haiwezi.

Basi, namba zisipopatana, je, ni wizi? Si lazima. Motokari nyingi za dunia zina namba yenye tarakimu na herufi 17, na herufi I, O na Q huachwa ili zisichanganywe na 1 na 0. Watengenezaji wenyewe wajua jinsi macho yanavyokosa. Karani aliyechoka aweza kuandika 8 mahali pa 3. Lakini wako pia wezi waikwanguao namba ya kweli, na kugonga mahali pake namba ya motokari iliyokwisha kuvunjika.

Katika kitabu cha Tobiti, sura ya 2, mna habari ya mwana-mbuzi. Mzee Tobiti alikuwa kipofu, na mkewe Ana alifuma nguo kwa mshahara. Siku moja waliomwajiri walimzidishia mwana-mbuzi. Tobiti aliposikia analia nyumbani, alidhani ameibwa, akataka arudishwe kwa wenyewe. Ana alimweleza kwamba amepewa, naye hakusadiki. Mzee huyo hakukosa alipoogopa kuweka kitu cha wizi nyumbani mwake. Alikosa kwa sababu alihukumu, asikubali kusikia.

Ndivyo ilivyo kwa yule mwenye motokari. Siku aliyonunua hakutenda dhambi, ikiwa kweli hakujua, wala bei haikuwa ndogo hata ingemshtua mtu yeyote mwenye akili. Lakini tangu karani amwonyeshe namba mbili, yumo katika shaka, na mwenye shaka ana wajibu wa kuuliza: kwa muuzaji, kwa forodha, kwa polisi, ambao kwa njia ya Interpol hupashana na mataifa mengine habari za motokari zilizoibwa. Mtu azibaye masikio asije akasikia jibu, huyo amekwisha kulijua.

Ikionekana ni ya wizi, basi ni ya mwenyewe, hata ikiwa imeuzwa mara kumi. Wanateolojia wa kale walifundisha kwamba kitu humlilia mwenyewe. Fedha aliyoitoa ni deni la muuzaji, naye aweza kumshtaki tribinali. Si deni la yule aliyeibiwa. Faida aliyoipata kwa jasho lake wakati alipokuwa hajui, hiyo ni yake.

Hapo ndipo majaribu huja. Mmoja amshauri aiuze upesi Kolwezi, kwa mtu asiyemjua: yaani auchomoe mwiba mguuni mwake na kuuchoma katika mguu wa mwingine. Wa pili amwambia ampe karani kitu kidogo, aandike namba ipatanayo. Hapo amri ya nane yavunjwa pamoja na ya saba, na mpaji na mpewa wote wawili wana hatia.

Ni rahisi kumwambia mtu arudishe, wakati msemaji mwenyewe hana cha kurudisha. Mbuzi zimekwisha, ndugu adai fedha zake, na mke aona mwaka wa shule waja. Na kijiji kizima kilipanda motokari ile: mihogo yao ilifika sokoni, mama zao walifika dispensari kabla ya usiku. Nao hawakujua, wala hawana dhambi. Lakini jioni mtu huyo arudipo kwa miguu, wako wapi wale aliowapakia, wamsaidie kulipa walau deni la ndugu yake?