Je, Mtu Aweza Kuudhulumu Mwili Wake?

Neno dhuluma tumezoea kulitumia pale walipo watu wawili: mmoja ananyang'anya, mwingine ananyang'anywa. Anayesogeza mpaka wa shamba la mikorosho la jirani amedhulumu. Hilo hapa Malolo hata mtoto analijua. Lakini mtu akiuumiza mwili wake mwenyewe kwa kutafuta sifa, amemdhulumu nani?

Wahindi wa kale walilifikiria jambo hili. Katika mafundisho ya yoga yaliyopangwa na Patanjali, kunyoosha viungo si mwanzo. Kabla ya mkao wowote huja miiko, na wa kwanza ni ahimsa, yaani kutodhuru. Wa pili ni ukweli. Wengi huudhani mwiko ule wa kwanza kuwa unahusu wanyama na majirani tu. Mimi naona mwili ndio kiumbe wa kwanza ambaye mtu amekabidhiwa. Na mkao wenyewe, asema Patanjali, uwe imara na wenye raha. Hasemi kwamba kichwa sharti kifike magotini.

Waislamu nao wana kisa cha Abdallah bin Amr, aliyekuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha. Mtume alimkataza, akamweleza kuwa mwili wake una haki juu yake. Zingatia, msomaji, kwamba alikatazwa kupita kiasi katika ibada, sembuse katika mazoezi ya viungo!

Goti langu la kushoto halikunjiki hadi mwisho. Alfajiri, nikijinyoosha juu ya mkeka, naliacha lifike linapofika. Ng'ambo ya ua, mama mmoja aliyenizidi umri huchuchumaa akipepeta ufuta mpaka wakati wa chai, wala neno yoga hajapata kulisikia. Goti lake si kipimo cha goti langu. Na hapa ndipo ule mwiko wa pili unapohitajika: uchungu wa msuli unaonyooka na uchungu wa kiungo kinachochoma kwa ndani ni vitu viwili, na mwenye mwili ndiye anayeweza kuvitofautisha. Mwalimu aliyesimama mbele hawezi. Mwenye mwili akijidanganya, hakuna wa kumsahihisha.

Najua nitaulizwa habari za John Stephen Akhwari. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico, alianguka akaumia goti, lakini akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alijidhulumu? Siwezi kusema hivyo. Alibeba ahadi ya nchi changa, na alijua anacholipa. Kinachonisumbua ni sisi wasimuliaji. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari huyo huyo alikimbia marathoni kwa saa 2 na dakika 15, akawa wa tano. Nani anayesimulia hilo? Watoto tunawaonyesha bandeji, kisha kijana anayechechemea akiomba kupumzika twamwita mvivu.

Jioni vijana hapa kijijini hucheza mpira pekupeku kwenye ardhi ngumu. Juzi mmoja wao, kifundo kimevimba, alikuja kuniuliza kama arudi uwanjani, maana wenzake walikuwa wakimwita. Nilimwambia, "Mwanangu, kanyaga, kisha uniambie unasikia nini." Akakanyaga. Akanyamaza kidogo, halafu akavuta kigoda akaketi.